Saa ya Taa ya Bi Shekha

Mikate iliungua siku ya Alhamisi, adhuhuri haijaingia, na Bi Shekha alikuwa amekaa hatua nne tu kutoka kwenye oveni.

Ilikuwa mikate ya mayai ya harusi. Sumeiya, jirani yake wa mtaa wa pili hapo Shela, Malindi, alikuwa akimwoza binti yake Ijumaa, na alikuwa ameagiza mikate arubaini. Hakuwa na haja ya kutafuta mpishi mwengine. Ukitaja mkate wa mayai Malindi, watu walimtaja Bi Shekha kwanza, ndipo wakafikiria wengine. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, na kwa mikate hiyo alikuwa amewasomesha wanawe wawili hadi wakapata kazi Mombasa.

Aliyekuwa akisaidiana naye jikoni ni Kahaso, mwanamke wa Tezo, upande wa Kilifi, aliyepanga chumba mtaa wa Kisumu Ndogo hapo Malindi. Walikuwa pamoja mwaka wa sita. Kahaso alijua mkono wa Bi Shekha unataka nini kabla haujanyooshwa, na siku nyingine walimaliza kazi ya asubuhi nzima bila ya kusema maneno kumi.

Siku hiyo mayai yalipungua. Kahaso alitia mikate ya mkupuo wa tatu ndani ya oveni, akaitega saa ndogo ya jikoni, ile ya betri, kwa dakika thelathini na tano, akajitanda leso aende dukani. Alipofika mlangoni aligeuka akasema neno. Bi Shekha alikuwa akichekecha unga. Aliona midomo ya Kahaso ikicheza, akaitikia kwa kichwa, na Kahaso akatoka.

Harufu ndiyo iliyomstua. Ilipomfikia, moshi ulikuwa umeshaanza kutokea pembeni mwa mlango wa oveni. Aliufungua akatoa sinia moja baada ya jingine, na mikate yote ilikuwa myeusi juu na chini, imekauka kama vigae.

Hakupata hata nafasi ya kuyaficha. Sumeiya aliingia uani na wifi zake wawili, wamekuja na makasha ya kupakia mikate, na nyuma yao akaingia Kahaso na trei ya mayai. Wote walisimama wakiyatazama yale masinia. Sumeiya akauliza ni nani aliyefanya hivyo.

"Nilimwachia Kahaso," Bi Shekha akasema.

Kahaso alitua mayai chini taratibu. Akasema kwamba alimwambia Bi Shekha, pale mlangoni, kuwa saa ikilia aitoe mikate, na Bi Shekha akaitikia.

"Hukuniambia kitu. Usinizulie uwongo mbele za watu."

Maneno yalikuwa yameshamtoka ndipo akakumbuka ile midomo iliyocheza, na kichwa chake mwenyewe kilivyoitikia. Angeweza kuyarudisha hapo hapo. Hakuyarudisha. Kahaso alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima aseme au anyamaze, kisha akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza na kwenda zake. Hakuitwa.

Mikate ya harusi ilipatikana kwa shida, nusu ikaagizwa kwa watu wengine. Lakini lile neno halikubaki uani. Wifi zake Sumeiya walilibeba, na mtaa ukalipokea: Kahaso mzembe, tena mwongo. Nyumba mbili alizokuwa akifua nguo jioni zikamwambia apumzike kwanza. Haukupita mwezi akarudisha ufunguo wa chumba, akarudi kwao Tezo na mwanawe Nyale. Bi Shekha alipopashwa habari hizo alisema Mungu atamfungulia mlango mwengine, akabadilisha mazungumzo.

Ukweli ni kwamba Bi Shekha alikuwa hasikii vizuri, na hilo alilijua na kulikataa kwa wakati mmoja. Lilikuwa limemwingia kidogo kidogo kwa muda wa miaka miwili. Adhana aliisikia, na wanaume wakizungumza barazani aliwasikia, kwa hiyo alijiambia masikio yake mazima, ni wanawake wa siku hizi tu wanaonong'ona. Watu walipocheka alicheka. Akiulizwa swali asilolisikia alisema "Inshallah," jibu ambalo aliona halimtupi. Maulidini alikuwa haendi tena, akisingizia magoti.

Aliogopa jina. Mama yake, aliyeletwa Malindi na mumewe kutoka Faza akiwa mwari, aliziba masikio katika ujana wake, na watoto wa mtaa walimwita Bi Kiziwi mpaka siku aliyokufa. Walikuwa wakimnyemelea wakipiga madebe nyuma yake ili wamwone asivyogeuka. Bi Shekha alipokuwa na miaka tisa aliwahi kusimama katikati ya watoto hao, mama yake akipita na kikapu, na mwenziwe mmoja alipomuuliza kama yule ni mamake, alisema simjui. Hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata marehemu mumewe.

Miezi miwili baada ya harusi alikuja Tasneem kukaa naye likizo. Tasneem alikuwa binti wa kaka yake Saad, msichana wa miaka ishirini na saba anayefundisha umeme na vyombo vya elektroniki katika chuo kimoja cha ufundi huko Kilifi. Asubuhi ya kwanza alikuwa mezani jikoni akinywa chai, shangazi yake ameketi mbele yake akipasua mayai, na ile saa ya betri iko baina yao.

"Shangazi, saa inalia," Tasneem akasema.

Bi Shekha aliitazama. Kwenye kioo chake sifuri zilikuwa zikiwakawaka. Aliichukua akaiweka kwenye sikio la kushoto, asisikie kitu. Akaiweka kulia, akasikia kwa mbali sana kama mbu aliyefungiwa chumba cha pili. Aliirudisha mezani, akatoa mikate, akarudi kuketi, akachukua yai, nalo likamponyoka likaanguka sakafuni.

Tasneem hakumbembeleza wala hakumpigia kelele. Siku ya pili alimpeleka hospitali. Daktari alimvisha vitu vya masikioni, akamwambia anyooshe kidole kila anaposikia sauti, na Bi Shekha alikaa muda mrefu kidole kikiwa chini, akimwona daktari akiandika. Aliambiwa kuwa sauti nyembamba ndizo zilizomkimbia kwanza. Zile nene bado anazo, ila nazo zitapungua. Viko vyombo vya kuvaa sikioni, na jina lake likaandikwa kwenye orodha ya wanaovingojea.

Walipokuwa wakirudi alimshika Tasneem mkono akamwomba asimwambie mtu. Tasneem akakubali.

Ni Tasneem aliyefikiria saa ya taa. Alisema kama sikio limechoka, jicho bado lina nguvu, na saa si lazima ilie. Bi Shekha alidhani atatengenezewa, lakini mpwa wake alitandaza vitu mezani akamsogezea kiti. Alisema kitu ulichokitengeneza mwenyewe kikiharibika utajua pa kukishika.

Vilikuwa vitu vidogo. Kibao cha buluu kisichozidi vidole viwili, chenye chipu nyeusi katikati. Tasneem alisema huo ndio ubongo, unaandikiwa maagizo kwenye kompyuta na unayashika hata umeme ukikatika. Taa kumi ndogo za LED, saba za kijani, mbili za manjano na moja nyekundu. Rezista kumi, mfano wa punje za mchele zilizovishwa mistari ya rangi, za kupunguza nguvu ya umeme taa zisiungue. Nyaya, kitufe kimoja, na chaji ya simu ya zamani ya kuvipa umeme.

Kila taa ilikuwa na miguu miwili, mmoja mrefu kuliko mwengine, na ule mrefu ndio wa kupokea umeme. Bi Shekha alikosea zaidi ya mara moja, na taa iliyogeuzwa haikuwaka wala haikulalamika. Ilinyamaza tu mpaka aigeuze. Mikono iliyozoea kubana visheti ilijifunza kushika waya kwa koleo na kulehemu kwa risasi ya kuyeyusha. Alijiunguza kidole cha shahada, akakitia mdomoni, akaendelea.

Maagizo waliyaandika pamoja. Dakika thelathini na tano ukizigawa kwa taa kumi, Tasneem akaeleza, kila taa inapata dakika tatu na nusu, lakini kile kibao hakijui dakika. Kinahesabu sekunde moja kwa vipande elfu. Bi Shekha akapiga hesabu kwa kichwa, kama alivyozoea kuhesabu unga na mayai, akasema laki mbili na elfu kumi. Akaiandika mwenyewe. Walipobonyeza kitufe, taa kumi ziliwaka kwa safu, kisha ya kwanza ikazimika baada ya sekunde ishirini na moja, ikafuata ya pili, na kabla hawajamaliza kushangaa zote zilikuwa zimekwisha na kuanza kuwakawaka kwa pamoja. Alikuwa amesahau sifuri moja. Walicheka mpaka wakashika mbavu, na Bi Shekha alijisikia mwepesi kama hakupata kuwa na jambo moyoni.

Baada ya sifuri kurudishwa mahali pake, walitoboa matundu kumi kwenye kasha la plastiki la tende kwa msumari wa moto, wakazipanga taa, wakalitundika kasha ukutani juu ya meza. Ukibonyeza kitufe zote kumi zinawaka. Zinazimika moja moja, za kijani kwanza, kisha manjano, mwisho nyekundu, na muda ukimalizika zote zinawakawaka bila kukoma mpaka kitufe kibonyezwe tena. Hata ukiwa mwisho wa ua unaziona.

Wiki ya kwanza hakuna mkate ulioungua. Wanawake waliokuja kununua waliiona, na habari ikaenda. Bi Shekha kageuka fundi wa mitambo uzeeni. Walimuuliza kilichomfanya aunde kitu kama kile, naye akajibu kuwa ile saa ya zamani ilikuwa ikimkera kwa kelele. Mara ya kwanza aliyasema maneno hayo kwa haraka, mara ya pili yakaja yenyewe, na mara ya tatu akaongeza na kicheko.

Siku moja akaja Sumeiya kuagiza mikate ya hitima. Alisimama mbele ya kasha, akazitazama taa nne zilizobaki, akasifu sana.

"Ungekuwa nayo hii siku ile," akasema, "yule mwongo wako asingetuaibisha."

Bi Shekha alitabasamu. Alisikia kila neno, kwa kuwa Sumeiya ni mwanamke mwenye sauti nene, na bado alitabasamu, akamwandikia mikate yake, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Alipogeuka alimkuta Tasneem amesimama kwenye mlango wa jikoni. Tasneem alimuuliza mwongo huyo ni nani. Bi Shekha akamweleza kwa kifupi, kama mtu anayepita juu ya miba. Tasneem akangoja mpaka shangazi yake ainue uso, ndipo akauliza tena, polepole.

"Hiyo siku ya mikate, Shangazi, masikio yako yalikuwa yanaisikia saa?"

Bi Shekha alimpita pale mlangoni. Aliingia chumbani akakaa juu ya kitanda. Yale aliyoyafunika kwa miezi yote hiyo yalikuja mbele yake bila pazia: hakumsingizia Kahaso kwa kutokujua tu. Alikumbuka kuitikia. Alikumbuka pale pale, Kahaso akiwa bado hajavua aproni. Alichagua kumwita mwenziwe mwongo kuliko kuitwa kiziwi. Na sasa alikuwa amejenga kitu cha kuificha aibu yake, akakitundika ukutani na kusifiwa kwacho.

Jumamosi alikwenda Tezo. Hakutaka kusindikizwa. Aliuliza njia kwa watu wawili, na wa pili ilibidi amwombe arudie, akaona uso unamwaka moto kwa jambo dogo kama hilo. Alimkuta Kahaso nyuma ya nyumba ya mamake, amekaa juu ya gogo akibangua korosho, vidole vimeingia weusi kwa mafuta ya maganda. Alikuwa amekonda. Alipomwona mgeni alinyanyuka, akanawa mikono, akamletea kiti na maji ya kunywa, yote kwa adabu ile ile ya zamani, na adabu hiyo ilimuumiza Bi Shekha kuliko kama angefukuzwa.

Alikuwa amepanga maneno njiani. Hayakuja kwa mpango wake. Alisema kwamba masikio yake yamekufa nusu, kwamba siku ile hakusikia aliloambiwa wala hakuisikia saa, na kwamba aliitikia kwa kichwa na akakumbuka kuwa ameitikia, na bado akasema aliyoyasema.

Kahaso alisogeza gogo lake akakaa mbele yake, uso kwa uso.

"Nilijua, Bi Shekha."

"Ulijua nini?"

"Kwamba husikii. Najua tangu mwaka juzi. Ndiyo maana nilikuwa nikitaka kukwambia jambo nakugusa bega kwanza, ugeuke uniangalie. Siku ile nilikuwa na haraka nikasema kwa mbali. Hapo mimi nilikosea."

Bi Shekha alikiweka chini kikombe cha maji. Alimuuliza kwa nini basi hakulisema hilo mbele ya Sumeiya. Lilikuwa neno moja tu, na lingemwokoa.

"Ulikuwa unaficha," Kahaso akasema. "Kama ulinificha mimi ninayeshinda nawe kutwa, ningelitoaje mbele za wageni? Nilingoja utaniita baadaye. Hukuniita."

Kuku walikuwa wakichakura maganda miguuni mwao. Bi Shekha alivuta ncha ya buibui akajifunika macho. Alikuja kukiri kosa moja, akagundua yalikuwa mawili. Mtu aliyemvunjia heshima ndiye aliyekuwa amemsitiri, hata wakati ule ule akivunjiwa. Alilia bila ya sauti, na Kahaso alimwacha alie.

Alipotulia aliomba radhi, akamwomba arudi kazini.

"Radhi nimekupa," Kahaso akajibu. "Kwako sirudi. Lakini jina langu limebaki Malindi, halikuja nami huku. Wewe ndiwe uliyelitupa matopeni. Nenda ukaliokote."

Kila Alhamisi alasiri akina mama wa mtaa walikusanyika kwa Sumeiya kwa darsa. Alhamisi iliyofuata Bi Shekha alikwenda, magoti yasitajwe. Alikaa karibu na mlango. Darsa ilipomalizika, kahawa haijaanza kumiminwa, alisimama, akaomba dakika moja. Aliwaambia kuwa yeye ni mzito wa kusikia, tena sana. Aliwaambia mikate ya harusi iliungua mbele yake kwa sababu hakuisikia saa, na kwamba Kahaso alimwambia aitoe, na kwamba mwongo siku ile alikuwa mmoja tu uani, naye ni yeye mwenyewe. Ile saa ya taa waliyoisifu aliitengeneza kwa sababu ya uziwi wake, si kwa kuchoka na kelele.

Kulikuwa kimya. Hakujua kama kimya hicho ni cha watu au cha masikio yake, ikambidi azungushe macho awatazame nyuso zao mmoja mmoja. Sumeiya alikuwa ameshika birika bila kulimimina. Mwisho alijibu kwamba naye atamwomba Kahaso radhi, na alijibu kwa kupaza sauti na kuyavuta maneno, kama mtu anayemwita aliye ng'ambo ya barabara, na wasichana wawili waliokaa pembeni wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Ni kitu hicho hasa alichokiogopa miaka miwili, na kilipomfika kilimchoma kama alivyodhani kitamchoma. Alikaa chini. Alinywa kahawa yake mpaka ikaisha, ndipo akaaga.

Sumeiya hakuwa mtu wa maneno matupu. Alikuwa na mkahawa wake karibu na soko, na wiki ya pili alimtuma mtu Tezo kumwita Kahaso. Alimwomba msamaha mbele ya wifi zake wale wale, akampa jiko la mkahawa alisimamie. Haukupita muda Kahaso akawa anapika mikate ya mayai pale pale, na wateja wengi wa Bi Shekha, Sumeiya akiwa wa mbele, wakahamia huko. Waliosema mkate wa Kahaso ni laini zaidi hawakusema uwongo. Bi Shekha aliununua mmoja kwa kumtuma Tasneem, akauonja, akajua.

Yeye alibaki na oda chache, na anazifanya peke yake. Mteja mpya akiingia humwambia asimame mbele yake na aseme taratibu, kwa kuwa hasikii. Mwanzoni ilimbidi ayarudie moyoni kabla ya kuyasema. Siku hizi yanatoka, ingawa bado hutazama pembeni anapoyatoa.

Mwezi uliopita walikutana na Kahaso sokoni, kwenye ndizi. Kahaso alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani na za wanawe wa Mombasa, akamwambia Nyale ameanza shule karibu na mkahawa. Bi Shekha alijibu yote, akaulizia hali ya mamake huko Tezo. Waliagana kwa amani. Hata hivyo alipofika kwake aligundua amerudi na kikapu kitupu, kwa sababu kila alipokwisha kuisoma midomo ya Kahaso macho yake yalishuka kwenye vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa na alama nyeusi za korosho, na ndizi akazisahau.